Tupeane uzoefu: umeme ulipozimika, maradhi yalipoingia, bahari ilipochafuka, kazini kwenu mlifanyaje?

MtuWaMalindi (mwenye uzi)
Asalaam alaykum wanabaraza. Bosi kanipa kazi ya kuandika mpango wa kuendesha ofisi wakati wa maafa. Kanipa na mfano alioutoa mtandaoni, kurasa arubaini, una sura nzima ya theluji. Theluji, Malindi hapa Unguja! Nimeona bora niwaulize waliopitia. Nianze mwenyewe.

Disemba 2009, waya wa umeme unaotoka bara ulipoharibika na Unguja nzima ikawa kiza, sisi tulijiona watu. Tulikuwa na jenereta kubwa uani. Mwaka 2008 tulishakaa kiza karibu mwezi, ndio ikanunuliwa. Siku ya tatu mafuta yakaisha. Nikenda kituo cha jirani na madumu mawili, nikaambiwa mafuta yamo humu chini lakini pampu nayo inataka umeme. Nilirudi na madumu matupu, watu wa barazani wananicheka.

Umeme ulirudi Machi 2010, miezi mitatu. Tulichojifunza tulijifunza kwa kuumia. Jenereta tukaiwasha saa tatu mpaka saa sita tu, kompyuta mbili na printa, viyoyozi marufuku hata kwa bosi. Kila Alkhamisi tunachapisha orodha ya wateja na madeni yao, ili mashine ikigoma tuna karatasi.

Lakini lililotusumbua zaidi ni maji. Pampu za visima zilikuwa zimelala, watu wanapanga foleni ya ndoo tangu kabla ya alfajiri. Mfanyakazi anafika saa nne kachoka, bosi anasema mvivu. Mpaka siku yeye mwenyewe alipokosa maji ya kuogea ndipo saa ya kuingia ikasogezwa. Hilo kwenye zile kurasa arubaini halimo.

Mzee_wa_Dawa
Wa alaykum salaam. Umenikumbusha mbali. Miye nina duka la dawa, na roho yangu ilikuwa kwenye insulini. Kabla ya kufunguliwa inataka baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, na wateja wangu wa sukari ni wazee ninaowajua majina.

Watu wanasahau kuwa wakati ule Pemba taa zinawaka. Wenzetu walikuwa na mashine zao za dizeli pale Wesha. Waya wao wa kutoka Tanga ulikuja baadae, 2010 hiyohiyo. Basi nikampigia shemegi yangu Chake, akanipa rafu mbili za friji lake. Mzigo ukapanda chombo ndani ya kasha la barafu, nikabakisha hapa wa wiki moja tu, halafu ananiletea kidogo kidogo. Shemegi analalamika samaki wake hawana pa kukaa, lakini alivumilia.

Kwa anaetaka kuiga: usiiweke dawa juu ya barafu yenyewe. Insulini ikiganda ni ya kutupa, hata ikishayeyuka. Weka taulo baina yake. Mara ya kwanza sikuweka, na hasara niliila mwenyewe.

BintiWete
Kaka Malindi, la kwangu si la umeme.

Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilipozama usiku ikija Pemba, ofisi yetu ilipoteza mtu. Alikuwa mshika fedha wetu, Allah amrehemu. Sitaki kueleza siku zile. Ila baada ya khitma ndipo tulipogundua kuwa nani tunamdai, nani katoa arbuni, ufunguo wa pili wa sefu uko wapi, yote yalikuwa kichwani mwake. Tulikuwa tunakwenda kumuuliza mjane wake masuala ya kazi ndani ya eda. Naona haya mpaka leo.

Tangu hapo kila kazi kwetu ina mtu wa pili anaeijua, na anaifanya kweli siku moja kila mwezi, si jina tu kwenye karatasi. Na watu wawili wa kazi moja hawapandi chombo kimoja. Wageni wakisikia hucheka. Wapemba hawacheki.

MtuWaMalindi
Allah amrehemu dada, na wote waliokwenda siku ile. Hili la chombo kimoja naliandika kama lilivyo.

Pwani_Nungwi
Hotelini. Machi 2020 alipotangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona hapa kwetu, ndani ya siku chache wageni wote wamekwenda zao. Wengi wetu tukapewa likizo bila malipo, nikarudi kwenye ngalawa ya baba.

Walibakishwa wanne: fundi, walinzi wawili na dada mmoja wa usafi. Kazi yao ilikuwa kupita kila chumba mara moja kwa wiki, wafungue mabomba maji yatiririke, wawashe viyoyozi nusu saa, wafungue madirisha. Tuliwaona kama wanachezea dizeli. Hoteli ya jirani ilifunga kufuli na kuondoka. Walipokuja kufungua, magodoro yana ukungu, chumvi imekula viyoyozi, maji yaliyolala kwenye mipira yananuka. Sisi tulipokea wageni, wao bado wanapaka rangi.

Kibandani
Sawa, lakini wale wanne walilipwaje?

Pwani_Nungwi
Nusu mshahara na chakula. Najua. Walinung'unika, na wana haki. Mmoja hajarudi mpaka leo, anauza pweza.

Kibandani
Ndio nasema. Miye wakati wa kipindupindu 2016 tulipokatazwa kuuza vyakula barabarani, sikuwa na bosi wa kunipa hata hiyo nusu. Urojo wangu ulilala. Kilichoniokoa ni mchezo wa kutoa tulioucheza wauzaji kumi; wenzangu walikubali zamu yangu iletwe mbele. Mpango wangu wote ulikuwa huo.

Tiketi_Darajani
Fupi tu. Mei 2024 mikongo ya intaneti ya baharini ilipokatika, sisi wa kukata tiketi tulikwama na abiria wamejaa mlangoni. Aliekuwa na daftari ni mzee mmoja tuliyekuwa tunamcheka kila siku. Tuliandika kwa mkono mpaka jioni, tukatuma orodha kwa simu ya kawaida, jina baada ya jina.

MtuWaMalindi
Ahsanteni nyote. Sura ya theluji nimeifuta. Leo nikasema nianze na dogo, tuiwashe jenereta tuone kama bado inakubali. Ufunguo wa chumba chake anao mlinzi peke yake, na mlinzi yuko Pemba, kenda kuchuma karafuu. Simu yake haipatikani.