Naomba ushauri: CD4 ya kipimo cha kidole imepishana na ya maabara

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu anatumia ARV mwaka wa tatu sasa, hajawahi kuruka dozi. Mwezi uliopita alipimwa CD4 (idadi ya chembe za kinga ya mwili) kwa kile kimashine kidogo cha kubebeka, unachomwa kidole na majibu yanatoka papo hapo. Ikasoma 287. Miezi miwili nyuma, damu ya mshipa iliyopelekwa maabara ilionyesha 412. Tangu hapo halali vizuri, anaamini dawa zimegoma.

Mimi nilikuwepo. Tone la kwanza halikutosha, mhudumu akawa anakikamua kidole mpaka kikawa cheupe. Nimewahi kusikia ukikamua hivyo, damu inachanganyika na majimaji ya mwilini na hesabu inaweza kupotoka. Isitoshe, siku hiyo alikuwa na mafua makali, na najua CD4 hupanda na kushuka hata kwa homa tu, au kwa saa uliyopimwa. Wingi wa virusi wa mwisho haukuonekana kabisa kwenye kipimo.

Nachojua, hatari kubwa ni chini ya 200, na bado yuko juu yake. Lakini kumwambia mtu mwenye hofu "usijali" haisaidii.

Waliopitia hili, au mnaofanya kazi kliniki: tuombe CD4 irudiwe maabara sasa hivi, au tudai kwanza kipimo cha wingi wa virusi? Na tofauti ya kiasi hiki mmeshaiona?