Mjadala: Mgonjwa wa figo, lazima mtoaji awe ndugu wa damu?

Wadau, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Mtu akihitaji kupandikizwa figo, macho yote huelekea kwa kaka na dada zake. Mke au rafiki akijitokeza huambiwa asubiri, eti mwili haukatai kiungo cha ndugu wa damu.

Mimi napinga. Mwaka 1954 kule Boston, daktari wa upasuaji Joseph Murray alifanikiwa kupandikiza figo bila dawa za kushusha kinga kwa sababu mtoaji na mpokeaji walikuwa mapacha wa kufanana. Ndugu wa kawaida wa baba na mama mmoja wana nafasi ya 25% tu ya kulingana kikamilifu kwa HLA, alama za kwenye seli ambazo kinga hutumia kumtambua mgeni. Nafasi ya kurithi alama tofauti kabisa nayo ni 25%. Mwaka 1995 mtafiti Paul Terasaki na wenzake walichapisha takwimu za Marekani: baada ya miaka 3, figo 85% zilizotolewa na wenzi wa ndoa zilikuwa bado zinafanya kazi, dhidi ya 70% za marehemu, ingawa wenzi hawakulingana vizuri kwa HLA.

Kinachonitisha zaidi ni kingamwili (protini za kinga zinazoshambulia kitu kigeni) alizonazo mpokeaji tayari, zitokanazo na kuongezewa damu, upandikizaji wa awali au ujauzito. Mama anataka kupewa figo na mwanawe. Nusu ya HLA za mtoto zimetoka kwa baba, na huenda mwili wa mama ulizitengenezea kingamwili tangu mimba. Figo ya mtoto aliyemzaa mwenyewe inaweza kushambuliwa ndani ya saa chache! Figo ya mume, baba wa mtoto huyo, ina hatari hiyohiyo. Ndiyo maana seramu (majimaji ya damu) ya mpokeaji lazima ichanganywe na seli za mtoaji kabla ya upasuaji kuona kama itazishambulia, kipimo kiitwacho krosimachi, hata mtoaji awe nani.

Krosimachi ikikataa, jozi mbili za mgonjwa na mtoaji wake zinaweza kubadilishana watoaji. Korea Kusini walianza mwaka 1991. Wachache huelezwa njia hiyo, na hilo linaniumiza.

Mnaosema ndugu kwanza, nijibuni: dada analingana nusu na anasitasita, mume yuko tayari na krosimachi yake ni safi. Mtamshinikiza dada kwa sababu gani ya kitabibu?