Naomba ushauri: seva yangu ya DHCP inashindana na ruta

Ndugu zangu, hamjambo? Nasimamia chumba cha kompyuta cha shule huku Kadutu, Bukavu. Nimeweka programu ya dnsmasq kwenye mashine ya Ubuntu igawe anwani za IP (kazi ya DHCP) na kujibu DNS (kugeuza majina kuwa anwani). Mwanzoni ilikataa kuwaka kwa sababu systemd-resolved, huduma ya DNS ya Ubuntu yenyewe, ilikuwa imekalia poti 53 ya DNS; hilo nimelimaliza kwa mpangilio wa DNSStubListener=no.

Shida ni umeme. Ukikatika na kurudi, ruta inaamka kabla ya seva, nayo pia inagawa anwani. Waliopewa na ruta hawafungui maktaba.lan (jina la ndani, linalojulikana na seva yangu tu) kabisa, na jana mashine mbili zilijikuta na 192.168.1.60 ile ile! Neno la siri la ruta analo fundi wa kampuni, na simu hapokei (mnawajua).

Je, niongeze kadi ya pili ya mtandao, seva ikae katikati ya ruta na swichi? Au kuna njia nyepesi zaidi? Halafu kwa mashine kama 20, dnsmasq inatosha au nihamie Kea (ya DHCP) na BIND (ya DNS)? Msinitajie isc-dhcp-server, seva ya DHCP ya shirika la ISC; waliacha kuitunza mwishoni mwa 2022.

Aksanti sana.