Besi ya Oti ni pesa ngapi?

Oti Nakuru: Wapendwa habari za jioni. Nimeamua nauza ile besi yangu. Gitaa la besi la Ibanez GSR200, nyuzi nne, nyeusi, mnaijua wote. Karo ya Awino imebaki 18,000 na shule wanafungua wiki ijayo. Nataka 35,000. Mwenye anajua mtu wa kwaya ama bendi huko Kisumu aniambie.

Dada Akinyi: 35? Oti si hiyo uliinunua 30 mwaka wa 2017, mimi ndio nilikuongezea 5,000 nakumbuka vizuri

Oti Nakuru: Kila kitu kimepanda dada. Nilipiga simu duka moja Nairobi jana, mpya ni 42. Na natoa na begi, kebo na stendi

Mama Zawadi: Mimi Jumapili nilipita soko la Kibuye nikaona gitaa la besi linauzwa 8,000. Sijui ni aina gani lakini lilikuwa linang'aa

Oti Nakuru: 8,000 siuzi. Heri ikae ukutani

Anko Jabali: Watoto, kabla ya kubishania bei, Oti hebu niambie iko kwa hali gani. Harusi ya Ahero mwezi wa nane niliisikia inakwaruza, nikadhani ni spika za watu.

Oti Nakuru: Hapo ndio shida Anko. Ilianza kukwaruza, ikaanza kufifia, sahii haitoi sauti kabisa. Fundi mmoja wa redio hapa karibu amesema saketi imekufa, anataka 6,000 atengeneze

Brayo: Kama haitoi sauti basi bei ni ile ya Kibuye tu

Anko Jabali: Hapana Brayo. Oti usimpe mtu 6,000. Geuza hiyo besi, mgongoni kuna kifuniko cha plastiki, fungua skrubu zake polepole usipoteze hata moja. Ndani utapata betri ya mraba ya volti 9. Mara ya mwisho uliibadilisha lini?

Oti Nakuru: Besi iko na betri???

Anko Jabali: Hiyo yako iko nayo. Kuna kakitu ndani ka kuongezea sauti nzito, ndio ile nobu ya mwisho unayozungushanga, hako ndio hukula betri. Na betri inakwisha bora tu kebo imechomekwa, hata kama hakuna mtu anapiga. Wewe nakujua, unachomeka Ijumaa ya mazoezi unatoa Jumapili jioni. Besi za aina hiyo zikiishiwa na betri zinafanya vile vile umesema, zinakwaruza, zinafifia, zinanyamaza. Nimeona mtu Kondele akiuza ya kwake kwa bei ya kuni juu ya betri peke yake, na iliniuma sana kwa sababu ilikuwa besi safi.

Oti Nakuru: Ngoja nitafute bisibisi

Dada Akinyi: Aki betri 🙏

Oti Nakuru: 📷 Anko ona. Imevuja, kuna unga mweupe mweupe kwa zile nyaya

Anko Jabali: Usiushike na mkono. Sugua na mswaki mkavu, halafu pamba na spiriti kidogo, uache ikauke kabisa kabla ya kuweka betri mpya.

Oti Nakuru: Wapendwa INALIA!!! Nimenunua betri kwa duka la hapa chini 350, nimechomeka na inalia kama siku ya kwanza. Awino amekuja mbio kutoka jikoni. Ni ile nobu ya volyumu tu nikizungusha inatoa kelele kama mchanga

Anko Jabali: Mungu ni mwema. Hiyo ya nobu ni vumbi, inasafishwa, lakini mnunuzi mwambie kabla hajauliza. Sasa weka mwisho wa besi begani utazame shingo kwa jicho moja vile seremala hutazama mbao. Imenyooka ama imepinda?

Oti Nakuru: Imezama kidogo hapo katikati, nyuzi ziko juu

Anko Jabali: Kidogo haina neno, kuna chuma ndani ya shingo kinakazwa na kile kifunguo cha pembe sita, nikifika nitaikaza mwenyewe robo mzunguko, usijaribu. Ingekuwa imejikunja kama mkia ya samaki ningekwambia kitu kingine. Freti je, zile vyuma vidogo vya kukatiza shingo, zimechimbwa na nyuzi?

Oti Nakuru: Za kwanza tatu ziko na alama, zingine sawa

Anko Jabali: Haya, hiyo sasa inaweza kuwekewa bei. Mimi nimepiga benga na kanisa miaka mingi na nimenunua na kuuza besi kadhaa. Ya dukani ni 42, yenye ni nzima lakini imetumika huwa naihesabu kati ya nusu na theluthi mbili, kwa hivyo hapo ni 21 mpaka 28. Yako iko na freti zimechimbwa na nobu ina kelele, kwa hivyo haiwezi fika juu. Begi iende nayo. Stendi na kebo hazikuongezei kitu, mtu anaziona kama asante tu. Anza 26 na usishuke chini ya 23.

Brayo: Lakini Anko, Marekani si besi za zamani huuzwa pesa nyingi sana kushinda mpya? Hii nayo si imezeeka

Anko Jabali: Hizo ni zile besi za kampuni ya Fender za kwanza kwanza, ile aina ya Precision ilitoka 1951 na za miaka hiyo zimebaki chache, wanaozitafuta ni wengi. Ya Oti bado inatengenezwa kiwandani mpaka leo, mtu akitaka mpya anaipata. Ikizeeka inashuka tu.

Oti Nakuru: Nimeelewa. Ni vile Anko hiyo besi ndio nilipiga tukimzika Baba. Kila nikifikiria 23 naona kama namuuza yeye

Anko Jabali: Najua mwanangu. Nilikuwa nimesimama kando yako siku hiyo na nilikuona ukipiga mpaka mwisho bila kuangalia mtu. Lakini kijana atakayenunua hakuwa hapo, huwezi kumwekea hiyo kwa bei. Hiyo ni yako, haiendi na besi.

Dada Akinyi: ❤️❤️

Mama Zawadi: Oti, vijana wa kwaya yetu hapa Nyalenda wamekuwa wakichanga tangu Pasaka, sasa hivi wanatumia besi ya kuazima na mwenyewe anaitaka. Wamefikisha 18. Nimewaeleza kila kitu, freti, nobu, hata mambo ya betri. Wanasema 24, 18 sasa na 6 mwisho wa mwezi, mimi ndio nitasimamia hiyo salio

Oti Nakuru: 18 ndio karo yenyewe. Nimekubali

Anko Jabali: Bei nzuri kwa pande zote. Waijaribu na amplifaya yao wenyewe kabla ya kutuma M-Pesa, wazungushe kila nobu. Na Oti usiipakie kwa keria ya matatu, hizo kona za Kericho zitavunja shingo. Legeza nyuzi kidogo, uje nayo mwenyewe Jumamosi ukiibeba kwa mapaja.

Oti Nakuru: Sawa Anko. Ero kamano sana. Awino anaomba aipige usiku huu kwa mara ya mwisho

Anko Jabali: Apige. Mkimaliza mtoe kebo.