La Haine: je, filamu ndiyo iliyoleta hasira ya vijana wa viunga vya Paris?

Mwenzetu aliyetangulia kuchangia anashikilia kwamba filamu ya mwongozaji Mfaransa Mathieu Kassovitz, La Haine (yaani "Chuki"), iliyotoka mwaka 1995, iliwachochea vijana wa viunga vya Paris kuwachukia polisi. Naomba kutofautiana naye, maana mfuatano wa matukio wenyewe unamkana. Kassovitz aliianza hadithi hiyo baada ya Makomé M'Bowolé, kijana wa miaka 17 mzaliwa wa Zaire, kuuawa kwa risasi akihojiwa ndani ya kituo cha polisi jijini Paris mwezi Aprili 1993. Damu ilimwagika kwanza, kamera ikafuata.

Nadhani wengi wanaoilaumu wanakumbuka bastola tu. Ni kweli kwamba Vinz, mmoja wa vijana watatu marafiki wanaofuatwa na filamu (wengine ni Hubert na Saïd), anaokota bastola iliyomponyoka askari katika ghasia, akaapa kwamba Abdel, rafiki yao aliyejeruhiwa akiwa mikononi mwa polisi, akifa, naye ataua askari mmoja. Lakini anapomtia mkononi mhuni mwenye kipara, mbaguzi hasa, na Hubert akamhimiza kwa kejeli afyatue, mkono unamgomea, na baadaye anamkabidhi Hubert silaha hiyo mwenyewe. Kuna pia kile chumba ambamo askari wawili wanawatesa Saïd na Hubert waliofungwa kwenye viti, huku wakimwonyesha kazi askari mwanafunzi aliyekaa pembeni, ambaye usoni anaonekana dhahiri kuona haya. Mchochezi gani anayepoteza muda kutuonyesha haya ya askari?

Ghasia za mwaka 2005 za vijana wa viungani nazo zilianzia Clichy-sous-Bois, kiunga kimoja cha Paris, baada ya Zyed Benna na Bouna Traoré, waliokuwa wakiwakimbia polisi, kufa kwa umeme ndani ya kituo cha transfoma walimojificha. Msiba kama huo hauhitaji tiketi ya sinema ili uwakasirishe watu.

Lawama ninayoikubali mimi ni nyingine kabisa, na nashangaa haijaguswa humu: wanawake. Mama yake Hubert, bibi na dada yake Vinz wanapita kwenye skrini kama wageni waliokuja kuaga, ilhali wanapanda ngazi zilezile za maghorofa yale, wanahojiwa na askari walewale, na ndio wanaobaki na matanga kijana akiuawa. Anayetaka kuishitaki La Haine aanzie hapo, nami nitakuwa shahidi wake.