Siagi kwenye mlo wa paleo: inaruhusiwa au tunajidanganya?

MkataNafaka
Wakuu, naliweka mezani. Paleo ni kula alichokula binadamu kabla ya kilimo na ufugaji: nyama, samaki, mayai, mizizi, mboga, matunda. Loren Cordain, aliyeueneza mlo huu kwa kitabu chake cha 2002, aliyaondoa maziwa na vyote vitokanavyo nayo. Ng'ombe ameanza kufugwa miaka 10,000 hivi iliyopita. Mbona kila anayejiita mla paleo anakaangia mayai kwa siagi? Kanuni iko wapi?

Bi_Samli
Anza na kilichomo, historia baadaye. Gramu 100 za siagi zina mafuta 80 hivi, maji 16, kilichobaki ni chumvi na protini kidogo. Laktosi, yaani sukari ya maziwa, haifiki hata gramu moja. Maziwa yanakataliwa kwa sababu ya laktosi na kasini (protini ya maziwa), na kwenye siagi hivyo ni mabaki tu. Ndiyo maana Mark Sisson, mwandishi wa vitabu vya mlo wa aina hii, anairuhusu. Whole30, ule mpango wa mlo wa siku 30, wanaikataa siagi lakini samli wanaikubali, kwa sababu kasini imechujwa.

UpindeWaEyasi
Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hawafugi. Wanawinda, wanarina asali, wanakula ubuyu na mizizi. Siagi hakuna, mjadala umefungwa. Tena nusu yenu hiyo mnayoitetea si siagi, ni majarini ya kopo.

JikoLaTanga
Nusu yetu akina nani? Usitutukane, mkuu. Taja mtu.

UpindeWaEyasi
Sijatukana mtu. Nenda duka lolote useme "nipe siagi", utapewa Blue Band. Hayo ni mafuta ya mimea. Mtu anayapaka kwenye kiazi kitamu halafu anaandika "paleo".

JikoLaTanga
Basi lawama iende kwa lugha ya dukani, siyo kwa mlaji. Kuitambua ni rahisi: toa kwenye friji, siagi ni ngumu kama jiwe, majarini inachoteka kwa kijiko.

Bi_Samli
Hapo unawapotosha watu, ndugu yangu. Majarini ya mche ya kuokea nayo ni ngumu. Hata kikaango hakitoshi: siagi hutoa povu na kuacha chembe za kahawia zinazonukia kama karanga, lakini majarini iliyotiwa unga wa maziwa nayo huacha chembe. Soma lebo. Siagi ni krimu, pengine na chumvi, basi. Ukiona mawese, alizeti au emulsifaya (kiunganishi cha mafuta na maji), rudisha kwenye rafu. Samli nayo vivyo hivyo, kuna makopo ya "samli" ambayo ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa.

MkataNafaka
Jamani, niliuliza kuhusu kanuni, siyo kuhusu makopo.

Kibuyu_cha_Mtindi
Kanuni yenyewe ina tundu. Utafiti wa 2007 wa vinasaba vya wafugaji wa Tanzania na Kenya ulionyesha badiliko la kumeng'enya maziwa ukubwani, la miaka isiyozidi 7,000. Mwili haukugandia enzi za mawe.

Bi_Samli
Kweli, ila badiliko hilo linahusu laktosi, na siagi karibu haina. Haliitetei wala haliishtaki.

UpindeWaEyasi
Na samli yenyewe inaota ukungu ndani ya wiki mbili. Bora mafuta ya nazi.

Bi_Samli
Samli ikiota ukungu, aliyeipika aliacha maji. Hili siliachii. Chukua siagi gramu 500 isiyo na chumvi, sufuria yenye kitako kizito, moto mdogo kabisa. Povu jeupe litapanda, usilikoroge. Mlio wa kuchemka ni maji yanayotoka. Dakika 20 hadi 25 mlio unafifia, mafuta yanaonyesha mpaka chini, na mashapo yanakuwa rangi ya dhahabu. Epua papo hapo. Ukichelewa dakika mbili yanaungua na samli yote inakuwa chungu. Chuja kwa kitambaa cha melimeli kilichokunjwa mara mbili, kwenye chupa kavu kabisa. Utapata gramu 380 hadi 400. Chota kwa kijiko kikavu tu. Kwa kukaangia pia inashinda: siagi inaanza kuungua kwenye nyuzi 150 hivi, samli inafika 230 bila moshi.

JikoLaTanga
Na kama iliyopo ni ya chumvi?

Bi_Samli
Inafaa. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, itatuama na mashapo. Wakati wa kuchuja usikwangue chini ya sufuria.

UpindeWaEyasi
Wahadzabe bado hawana sufuria ya samli.

MkataNafaka
Bi_Samli, hiyo dhahabu ni ya asali mbichi au ya chai ya rangi?

Bi_Samli
Ya asali. Ikifika chai umeshachelewa.