Kibodi, gitaa na drums tu, besi inatoka wapi? Naomba ushauri

KinandaMalindi:
Asalam alaykum jamani. Jumapili alasiri jua limewaka, niko kihoteli kimoja cha ufukweni hapa Malindi na soda yangu, mara vijana watatu wa hapahapa wakaanza kupiga jazi, na si ile ya kusinzia, hii ilikua na mdundo mpaka weita akawa anatembeza trei kwa biti. Kibodi, gitaa, drums, basi. Namtafuta mpiga besi simuoni, kumbe ni mkono wa kushoto wa yule wa kibodi, unatembea huko chini haupumziki na wa kulia unapiga mambo yake mengine kabisa!! Sasa mie hupiga harusini, taarab na chakacha, kushoto nashika kodi tu (noti kadhaa kwa pamoja) manake besi nafanyiwa na ridhimu ya mashine. Nianzie wapi? Ninunue kibodi ya pedeli za miguu? Mke ashasema pesa ya kibodi nyingine haitoki, so msinitajie vitu vya laki.

Mzee_wa_Ogani:
Usinunue kitu kaka. Hiyo asili yake Marekani, ogani ya Hammond B-3, na aliyeivumisha ni mpigaji Jimmy Smith, alianza kurekodi na kampuni ya Blue Note 1956. Pedeli za miguu zipo 25 lakini wengi besi yenyewe wanaitembeza na mkono wa kushoto, mguu unagongagonga kuongeza uzito tu. Msikilize huyo kila siku, fuata kushoto peke yake. Ogani yenyewe inapita kilo 150, utaipitishia mlango gani

FundiSpika_Amu:
Ilete huku Amu (Lamu) tuone punda atakaekubali 😂😂 Ila chunga spika, besi nzito kwa zile ndogo za harusi utapasua koni, azima amp ya gitaa la besi.

BintiChakacha:
Mzee naheshimu lakini mwampeleka mbali na chakacha anayo mkononi. Mdundo wake ni sita kwa nane (unahesabu mapigo sita sita), besi yake anaijua hata usingizini. Kaka zima hiyo mashine, piga besi ya chakacha kwa kushoto tu, noti chache, rudia mpaka uweze kupiga stori na mtu na mkono hauyumbi, ndio ulete kulia, kodi moja moja, solo sahau kwanza. Alafu tafuta mtu wa drums, hata wa ngoma zetu, manake utamu wote wa wale vijana ni besi na drums kukaa pamoja, peke yako chumbani huupati.

KinandaMalindi:
Shukran dada, hii naiweza. Yangu ni ya keys 61, nikiigawa, kushoto sauti ya besi kulia sauti nyingine, itatosha?

Mzee_wa_Ogani:
Binti kasema kweli, anza na chakacha. 61 yatosha, gawa kwenye C ya kati, kushoto oktava mbili (kutoka C hadi C ifuatayo ni oktava moja) za besi, kulia tatu za ogani. Besi ishushe oktava moja kama haifiki chini, na usikanyage sastein, ile pedeli ya kuvuta noti, itakua uji.

BintiChakacha:
Ukipata wa drums sema, mie nna gitaa.